Subira Si Kungoja Tu: Uhakiki wa Maneno ya Siku za Mwisho

Utangulizi

Waswahili husema subira yavuta heri. Ni methali ambayo wanafunzi wetu wengi huwa wameshaikariri kabla ya kufika chuoni. Hata hivyo, kuikariri methali ni jambo moja, na kulijua neno lililobebwa ndani yake ni jambo jingine.

Tulilitambua hilo darasani, tulipokuwa tukisoma vifungu vya Biblia kama mifano ya tafsiri. Mbele yetu palikuwa na Injili ya Mathayo, sura ya 24, inayomwahidi wokovu yule anayevumilia “hata mwisho”. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. “Mwalimu,” akauliza, “maana yake ni kwamba tuvumilie hata ule mwisho wenyewe?” Darasa likacheka. Wenzake wakamweleza kwamba katika Kiswahili cha tafsiri ile, “hata” ni “mpaka”, si “hata” ya kutia mkazo tunayoitumia leo. Akakubali, akaketi. Lakini swali halikuketi pamoja naye. Tulibaki tukijiuliza: huyo anayevumilia anafanya nini mpaka huo mwisho ufike? Anakaa tu?

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki msamiati wa imani, tumaini na ustahimilivu katika Kiswahili kinachozungumzia siku za mwisho, kile cha Biblia na kile cha mimbarani. Hatuandiki kama wanatheolojia. Sisi ni walimu wa lugha, na wasomaji wetu wamo Wakristo, Waislamu na wengineo. Hoja yetu ni moja: maneno haya yalikuwa mapana, nayo yamefinywa. Yakifinywa, husikika kama amri ya kukaa na kungoja. Na kungoja kwa namna hiyo, kama tutakavyoonyesha, kumewahi kuua watu katika eneo letu hili la Afrika Mashariki.

Kwa nini suala hili linatuhusu Bujumbura

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu. Katika makanisa mengi ya jiji letu, mhubiri husema Kirundi au Kifaransa, na pembeni yake mkalimani hutoa Kiswahili kwa ajili ya ndugu waliotoka Uvira na Bukavu, na kwa ajili ya wenyeji wa mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili ni lugha ya vizazi kadhaa. Mkalimani huyo hana kamusi mkononi. Ana sekunde mbili tu. Neno atakalolichagua katika sekunde hizo ndilo msikilizaji atakalorudi nalo nyumbani. Baadhi ya wakalimani hao ni wanafunzi wetu.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Hapa kwetu neno “mwisho” halikutoka vitabuni peke yake. Wazee wetu wameuona mwisho zaidi ya mara moja. Waliuona mwaka 1972, katika maangamizi ambayo kwa Kirundi huitwa Ikiza. Wakauona tena Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye na vita vya miaka mingi vikafuata, hata baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Machafuko ya mwaka 2015 yakawakimbiza wengi tena. Tangu mwaka 2020, maji ya mto Rusizi na ya Ziwa Tanganyika yameifurikia Gatumba mara kwa mara, na familia nyingi zikahama na magodoro kichwani. Kila msimu wa balaa wamepatikana watu wa kusema: hizi ndizo dalili.

Hatuwakejeli. Mtu aliyepoteza nyumba ana haki ya kuuliza kama dunia inakwisha. Tunachohoji sisi ni jibu analopewa, na maneno yanayolibeba jibu hilo.

Mwisho wa dunia au ukamilifu wa dahari?

Tuanze na neno “mwisho” lenyewe. Biblia ya Muungano, yaani Union Version, ilitoka mwaka 1952 kama tunda la kuziunganisha tafsiri zilizotangulia, za Kiunguja na za Kimvita. Ndiyo ambayo wasomaji wengi wa Kiprotestanti wa Kiswahili wameizoea masikioni. Katika Injili ya Mathayo kuna fungu moja la maneno ya Kigiriki, sunteleia pamoja na aioni, linalojitokeza mara kadhaa. Tuangalie mahali pawili. Katika sura ya 24, wanafunzi wanapouliza juu ya dalili, watafsiri waliandika “mwisho wa dunia”. Katika sura ya 28, mwishoni kabisa mwa kitabu, Yesu anapoahidi kuwa pamoja na wafuasi wake, waliandika “ukamilifu wa dahari”.

Kigiriki ni kilekile. Kiswahili ni viwili. Palipo na hofu, dunia inakwisha. Palipo na ahadi, dahari inakamilika. Tofauti hiyo si ndogo. Kwisha ni jambo la unga ndani ya gunia: ukiisha, umekwisha. Kukamilika ni jambo la kazi. Nyumba ikikamilika haijaisha. Hapo ndipo inapoanza kukaliwa. Aidha, “dunia” humfanya msikilizaji afikirie ardhi, milima na ziwa vikiteketea, ilhali “dahari” humfanya afikirie zama, yaani muda wenye mpangilio wake.

Tunadiriki kusema kwamba “ukamilifu wa dahari” ni miongoni mwa maneno mazuri zaidi katika tafsiri ile. Kasoro ni kwamba halikutumika kote. Mahubiri ya siku za mwisho hutoka sura ya 24, na ni nadra mhubiri kwenda sura ya 28 kutafuta somo hilo. Basi msikilizaji hujua kwamba dunia itakwisha, wala hajui kwamba maneno yaleyale, kurasa chache mbele, yameambatana na ahadi ya kutoachwa peke yake. Biblia ya Habari Njema, iliyotoka miaka ya 1990, imeandika “mwisho wa nyakati” katika sura hiyo ya 28. Ni Kiswahili chepesi, na mwanafunzi wa Bujumbura hakwami. Lakini wazo la ukamilifu limepotea njiani.

Subira iliyopungua uzito

Neno la pili ndilo kiini cha makala haya. Kigiriki kina nomino hupomone, iliyoundwa kwa “chini ya” na “kubaki”. Picha yake ni ya mtu aliyebaki chini ya mzigo, anautembeza, hautupi. Biblia ya Muungano imelitafsiri mara nyingi kwa “subira”, kama katika kitabu cha Ufunuo, na mahali pengine kwa “saburi”, kama katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5. Yote mawili yana asili moja, Kiarabu sabr. Ni neno lilelile analolitumia Mwislamu wa Buyenzi anapomsimulia Nabii Ayubu.

Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, aliona kwamba tafsiri zilizotangulia zilikuwa zimebeba Kiarabu kupita kiasi, akajitahidi kutumia zaidi maneno ya Kibantu. Mjadala wake haujafa, nao hurudi kila mwaka katika madarasa yetu. Kuhusu neno hili, hata hivyo, tunaona walioandika “subira” hawakukosea. Lilikuwa neno zito, lenye historia, na linaloeleweka kwa majirani wa dini mbili.

Tatizo limekuja baadaye, nalo ni la maana kupungua. Kitenzi “kusubiri” katika mazungumzo ya leo ni “kungoja” tu. Kondakta wa basi mjini anasema: subiri kidogo, gari linajaa. Karani anasema: subiri nje. Basi msikilizaji anaposikia juu ya subira ya watakatifu, anawaona watakatifu kwenye foleni. Wameketi, wanatazama saa. Mzigo umetoweka, imebaki foleni.

Tukiisoma kwa makini ile sura ya 5 ya Warumi, tunaona mpangilio ulio kinyume kabisa na foleni. Dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti, na uthabiti huzaa tumaini. Tumaini ni la mwisho katika mnyororo huo. Kwa mantiki hiyo, mtu hastahimili kwa sababu alikwisha kuwa na tumaini tele. Hulipata tumaini kwa kustahimili. Mahubiri mengi ya siku za mwisho huugeuza mpangilio huu: hutoa tumaini kwanza, kama tikiti, kisha huwaambia watu wangoje gari.

Hapa Kirundi chaweza kutusaidia. Msibani hapa kwetu watu huambiana: mwihangane. Kitenzi ni kwihangana. Mzungumzaji wa Kirundi husikia ndani yake guhangana, yaani kukabiliana, pamoja na kiambishi cha kujirejea ambacho katika Kiswahili ni “-ji-”. Hatudai kwamba tumeeleza asili ya neno. Twasema tu kwamba ndivyo sikio linavyosikia, kana kwamba Kiswahili kingesema “mjikabili”. Tena, anayesema mwihangane hamaanishi keti ungoje. Kesho yake huleta chakula, huchota maji, hukaa na wafiwa, na hurudi tena siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Mkalimani anayelitafsiri neno hilo kwa “subirini” ametoa neno la kamusi na kuacha nyuma nusu ya maana. “Stahimilini” au “jikazeni” yangekuwa karibu zaidi, hasa katika mahubiri ya dhiki.

Kufunga pasipo kufungua

Walimu wa sarufi tunaifundisha kauli ya kutendua kwa jozi zinazojulikana: funika na funua, fumba na fumbua, funga na fungua. Jina la kitabu cha mwisho cha Biblia limetoka katika jozi ya kwanza. Ufunuo ni kuondoa kifuniko. Kirundi nacho kimefuata njia hiyohiyo: guhisha ni kuficha, guhishura ni kufichua, na kitabu kinaitwa Ivyahishuriwe. Katika lugha zetu mbili, basi, sarufi yenyewe inasema kwamba kitabu hicho kipo ili kufungua.

Tulinganishe na yaliyotokea Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Viongozi wa kundi lililoitwa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu walikuwa wametangaza kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Tarehe ikapita, ikatajwa nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa. Maiti nyingine nyingi zilifukuliwa baadaye katika maeneo mengine ya kundi hilo.

Miaka 23 baadaye likaja la Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, Kenya, si mbali na Malindi, yaani katika pwani yenyewe ya Kiswahili. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani, na mwaka 2024 alikana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama, si yetu. Sisi tunalitazama neno lililotawala habari ile: kufunga.

Katika Kiswahili, kufunga kuna mwenzake. Mwislamu hufunga, na jua likizama hufuturu. Mkristo hufunga siku moja au tatu, kisha hufungua. Tendo la kwanza huelekea la pili; bila la pili halijakamilika. Kufunga kusikokuwa na kufungua si saumu, ni kujifungia. Mtu aliyejua lugha yake vizuri, hata kama hakujua theolojia, angeweza kuuliza: tutafungua lini? Nasi tunadhani swali hilo dogo la sarufi ni swali la uhai.

Tuongeze neno moja zaidi. Injili yenyewe, wanafunzi wanapouliza “lini”, haiwapi tarehe, inawaambia wakeshe. Kukesha ni kazi ya mlinzi wa usiku, ambaye sisi hapa Bujumbura humwita zamu. Kila anayepita usiku mitaani anamjua zamu na tochi yake na koti lake. Zamu halipwi kwa kujua mwizi atakuja saa ngapi. Hulipwa kwa kuwa macho mpaka zamu yake iishe, kisha mwingine aipokee. Yule anayeacha lango na kwenda kupiga hesabu ya saa ya mwizi ameacha kazi, hata kama hesabu yake ni nzuri. Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, waraka unaozungumzia sana siku ya Bwana, aliwakemea walioacha kufanya kazi, akawataka wale chakula walichokitolea jasho.

Imani yenye maana mbili

Neno la tatu ni “imani”. Katika Kiswahili cha pwani lina maana mbili. Ni kusadiki, na ni huruma. Tunaposema mtu fulani hana imani, aghalabu hatusemi kwamba hasali. Twasema kwamba ni katili. Maana hii ya pili inafifia katika Kiswahili cha mimbarani, ambako imani imebaki kuwa kusadiki pekee, na wakati mwingine kusadiki tarehe.

Burundi ina kisa ambacho ndani yake maana hizo mbili hazikutengana. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, washambuliaji waliingia katika bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa. Wanafunzi 40 wakauawa. Hatupendi kugeuza vifo vya vijana kuwa mfano wa kufundishia msamiati, nasi twaandika hapa kwa kusitasita. Lakini kama kuna mahali ambapo neno lilipimwa, ni pale. Hapakuwa na mtu aliyeuliza dunia itakwisha lini. Mwisho wao ulikuwa mlangoni. Imani yao kwa Mungu na imani yao kwa mwenzao wa kitanda cha pili vilikuwa kitu kimoja, na ustahimilivu wao haukuwa kungoja. Ulikuwa kutosogea.

Pingamizi mbili

Huenda msomaji akasema: maneno hayaui, watu ndio wanaoua. Ni kweli. Umaskini, woga na ujanja wa viongozi vina sehemu kubwa zaidi kuliko kitenzi chochote. Twasema tu kwamba anayetaka kuwafungia watu huhitaji kwanza maneno yaliyofinywa, naye huyakuta tayari yamefinywa na sisi sote.

Mwingine atasema: basi afadhali habari za mwisho zisihubiriwe kabisa. Hapa hatukubaliani naye. Kitabu cha Ufunuo kiliandikiwa makanisa saba ya Asia kikihusu mateso, na mwandishi wake anajieleza kuwa kisiwani Patmo. Kwa watu walioonewa, habari kwamba udhalimu una mwisho ni faraja ya kweli. Kumwambia mjane wa 1972 au yatima wa 1993 kwamba hakuna siku ya hesabu ni kumnyang'anya kitu. Tunachoomba si kuufuta mwisho, bali kuurudishia ukamilifu wake.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, somo la tafsiri litumie ile Mathayo 24 na 28 kwa pamoja, ili mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi uamuzi mmoja wa mtafsiri unavyobadili hofu kuwa ahadi. Pili, kauli ya kutendua ifundishwe sambamba na Kirundi, kwani wanafunzi wetu wanayo tayari vinywani na hawajui kwamba ni utajiri. Tatu, wanafunzi wanaokalimani makanisani wapewe nafasi ya kuleta darasani maneno yaliyowakwamisha Jumapili, tuyajadili bila kumcheka mtu.

Wiki iliyofuata tulimrudia yule mwanafunzi. Tulimwambia kwamba kisarufi wenzake walikuwa sahihi: “hata” ile ni “mpaka”. Lakini tulimwambia pia kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu letu, kwa sababu “mpaka” hudai kitenzi kinachoendelea. Mtu hulima mpaka jioni. Hatumsifu kwa jioni kufika, twamsifu kwa kulima. Aliandika hilo daftarini, kisha akauliza kama litatoka kwenye mtihani.

Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao, hasa wale wanaojua namna maneno haya yanavyotumika Rumonge, Nyanza-Lac na ng'ambo ya ziwa.